Siku 30 za nyanya, miezi 12 ya yaya: historia ya mke anayekaa kwa karatasi ya mume



Mwaka jana yaya yangu, dada yangu mkubwa, alikwama Kasongo. Begi lilikuwa limefungwa, tikiti ya kurudi Ubelgiji anayo, lakini ndege hakupanda. Alikuja kumuuguza mama. Mama akaugua muda mrefu, akatutoka, tukakaa matanga, na yaya alipokuja kuhesabu miezi, ilikuwa imefika 14. Kule Ubelgiji alikuwa anakaa kwa karatasi za mumewe. Kumbe jina lake limeshafutwa katika daftari la komine.

Nyumbani wote wakasema: "Ee, sheria mpya za wazungu hizi!" Mimi nimesoma historia, nikajiuliza: mpya wapi? Nyanya yetu, mama yake baba, aliishi jambo kama hilo hilo bila kuvuka hata mpaka wa Kongo.

Nianze mbali kidogo. Tippu Tip alitoka Unguja mwaka 1870, akafika Kasongo katikati ya miaka ile ya 1870, akarudi Unguja 1882. Miaka 12 yuko safarini! Hakuna karani aliyemngoja bandarini kumwambia kwamba amekaa nje mno. Zama zile, swali la kukaa mbali lilikuwa la namna nyingine. Kwa Waislamu, mume akipotea bila habari wala matumizi, mke aliyeachwa nyumbani anaweza kupeleka shauri kwa kadhi aomba kuachanishwa. Yaani siku zilihesabiwa dhidi ya yule aliyeondoka, kwa faida ya yule aliyebaki bila msaada.

Ukoloni ukaja na hesabu yake. Kasongo ilianguka mikononi mwa jeshi la Dhanis mwezi wa 4, 1893, na miaka iliyofuata kila mtu akafungwa kwenye eneo la sultani wake. Dekreti ya tarehe 5/12/1933 inasema wazi: ukitoka katika eneo lako kwa zaidi ya siku 30, lazima uwe na pasi ya kuhama. Huna pasi, unaadhibiwa na kurudishwa. Miji nayo ilikuwa na dekreti yake, ya 23/11/1931, iliyounda vile vituo vilivyoitwa "nje ya mila". Kukaa humo kulihitaji kibali. Mwanamke aliyeolewa alihesabiwa pamoja na mumewe. Asiye na mume aliandikwa kama "anayeishi peke yake", na wengi wakatozwa kodi kwa sababu hiyo tu.

Nyanya aliolewa miaka ya 1950 na mwanaume aliyekuwa kazini kwenye kambi moja ya machimbo, kaskazini mwa Maniema. Nyumba ilikuwa ya kompani. Posho ya kila juma ilitoka kwa jina la babu: unga, chumvi, mafuta ya ngazi, samaki mkavu. Siku moja habari ikafika kwamba mama yake anaumwa, upande wa Kabambare. Akapewa karatasi, akaenda kwa mguu na kwa kamio. Mama yake hakupona, matanga yakaendelea, na msiba wetu mnaujua, hauishi kwa kuangalia kalenda. Aliporudi, posho yake ilikuwa imekatwa na jina lake halimo tena kwenye orodha ya kambi. Alikuwa akituambia: "Mwanangu, siku makumi tatu zikipita, weye ni mtoro. Hata kama unalia mama yako." Babu alihangaika ofisini miezi mitatu mpaka jina likarudishwa.

Angalieni vizuri. Babu naye alikuwa chini ya sheria ile ile ya siku 30, lakini alikuwa na kazi, na kazi ndiyo iliyomshika mahali pake. Nyanya alikuwa hapo kupitia mtu mwingine. Akiondoka kidogo, hana kamba yake mwenyewe ya kujivuta kurudi.

Uhuru haukuikata kamba hiyo mara moja. Kodi ya familia ya 1/8/1987 (kodi hapa ni kitabu cha sheria, si ushuru!) iliendelea kusema mke anakaa na mume na kumfuata anapoamua kuishi, na kwamba mke anahitaji ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya kisheria. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya 15/7/2016. Juzi tu.

Sasa Ubelgiji. Sheria yao ya wageni ni ya 15/12/1980. Mwenye kadi halali akitoka nchini ana haki ya kurudi ndani ya mwaka mmoja. Lakini akipanga kukaa nje zaidi ya miezi 3, inampasa aarifu komine kabla ya kuondoka, na akitaka kurudi baada ya zaidi ya mwaka mmoja, aonyeshe pia kabla ya kuondoka kwamba maisha yake bado yako kule. Aliyekuja kwa njia ya ndoa ana uzito wa pili: katika miaka 5 ya kwanza, kuishi pamoja kukikoma, kadi inaweza kuondolewa, isipokuwa katika hali fulani kama ukatili nyumbani. Yaya hakujua kuaarifu. Mumewe alidhani kulipa kodi ya nyumba kunatosha.

Sisemi Ubelgiji ya leo ni Kongo ya 1933. Nyanya alizuiwa kutembea katika nchi yake mwenyewe, na hakuwa na mahali pa kukata rufaa. Yaya ana wakili, na sheria inampa nafasi ya kujieleza. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini sheria zote mbili zinadhani msiba una urefu maalum, na anayelipa zaidi ni yule anayekaa kwa jina la mwenzake. Na nani anatumwa nyumbani mama akiugua? Binti. Mume anabaki kazini, kwa sababu mshahara wake ndio unaoshika karatasi za wote wawili.

Basi, kwa wale wetu walio nje au wanaojiandaa kumfuata mke au mume (maana siku hizi hata wanaume wanafuata):

Kwanza, jua kadi yako ni ya aina gani. Familia ya raia wa Umoja wa Ulaya anayeishi nchi nyingine ya Umoja huo, kabla ya makazi ya kudumu, inaweza kuwa nje jumla ya miezi 6 kwa mwaka, au mara moja miezi 12 mfululizo kwa sababu nzito kama ugonjwa mkali au uzazi. Wakishapata makazi ya kudumu, wanayapoteza wakikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Marekani, mwenye green card anayetegemea kukaa nje mwaka au zaidi aombe kibali cha kurudi kabla ya kuondoka.

Pili, arifu kwa maandishi, na utunze nakala.

Tatu, kusanya karatasi za hospitali na cheti cha kifo, hata kama moyo hauna nguvu siku hiyo.

Yaya ameanza faili upya, tangu mwanzo. Watoto wake wawili wako kule na baba yao, na kila jioni anawapigia simu kutoka barazani kwetu, mtandao ukiwepo.