Ukosefu wa meno tangu kuzaliwa: tiba kwa watu wazima

Ukosefu wa meno tangu kuzaliwa ni hali ya jino moja au zaidi kutoumbika kabisa ndani ya taya. Ukiacha magego ya mwisho, yanayokosekana zaidi ni gego dogo la pili la taya la chini na kato la pembeni la taya la juu. Hali hii mara nyingi hurithiwa. Miongoni mwa jeni zinazohusika ni MSX1, PAX9 na WNT10A.

Utambuzi. Nchini Tanzania si kila pengo ni la kuzaliwa. Tangu miaka ya 1980, baadhi ya watoto wachanga wenye homa au kuhara wamekuwa wakikatwa fizi ili kutolewa “meno ya plastiki”, ambayo hasa ni chonge za utotoni zisizoota bado. Ukatili huo huweza kuharibu hata chonge ya ukubwani. Eksirei huonyesha kama jino halipo au limekwama mfupani.

Tiba. Mtu mzima asiambiwe amechelewa: meno husogezwa katika umri wowote, mradi fizi na mfupa viwe na afya. Waya za meno, zinazovaliwa kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu, huziba pengo au huliweka sawa ili lipokee jino bandia, daraja au kipandikizi. Kipandikizi husubiri taya likome kukua, kwa kuwa hakisogei pamoja na mfupa. Jino la utotoni lenye mzizi imara laweza kuachwa lihudumu miaka mingi.

Kishapu. Mahali anapoishi mgonjwa pia hugusa tiba hii. Wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, maji ya baadhi ya visima vya Maganzo, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Floridi haizuii jino kuumbika, bali hudhoofisha enameli inayojengwa na kuacha madoa ya kahawia. Enameli iliyoathirika haikwaruziki vizuri kwa asidi ambayo daktari huipaka kabla ya kubandika vibanio vya waya, hivyo vibanio huweza kubanduka upesi. Madoa hayo pia huamua rangi ya jino bandia.

Mabingwa wa kupanga meno ni wachache, nao wengi wako mijini, ilhali waya hukazwa kila baada ya wiki kadhaa. Kwa mkazi wa Kishapu, nauli na siku za kazi zinazopotea ni sehemu ya tiba. Daktari azipime pamoja na mgonjwa kabla ya kufunga waya, kwani tiba iliyokatizwa njiani huweza kuacha meno yakiwa yamepinda zaidi kuliko awali.