Kazi Isiyoandikwa Katika Hesabu: Habari za Vyama vya Kujitolea Parokiani

Katika kurasa zilizotangulia wanachama wameonyeshwa hesabu ya mwaka: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na salio lililobaki. Hiyo ndiyo desturi ya kitabu kama hiki, nayo ni desturi njema. Lakini wazee wetu wajua kwamba iko kazi nyingine ambayo haihesabiwi kwa shilingi, yaani kumtazama mgonjwa, kumfundisha mtoto, na kumzika asiye na jamaa. Miongoni mwa watu walioifanya kazi hiyo katika nchi yetu bila ujira ni vyama vya waumini katika parokia za Kikatoliki. Habari zao zafaa kusomwa hata na wasio wa dini hiyo, kwa kuwa mambo yaliyowasumbua wao ndiyo yanayokisumbua kila chama cha kusaidiana.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Baadaye walifika Bura katika nchi ya Wataita mwaka 1892, na Nairobi mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika hapo. Mapadre wa Konsolata waliingia nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, na wa Mill Hill wakafika Kisumu mwaka 1903. Nchi ilikuwa kubwa na mapadre wachache. Kigango cha mbali kiliweza kukaa majuma mengi pasipo kumwona padre, na katika muda huo sala za Jumapili, mafundisho ya ubatizo na mazishi yalikuwa mikononi mwa katekista. Vitabu vimehifadhi majina ya mapadre. Majina mengi ya makatekista yamebaki vinywani mwa wajukuu wao tu. Hata hivyo katekista alikuwa mtu mmoja, naye alitumwa na padre. Waumini wenyewe kukaa pamoja, kuchagua viongozi wao na kugawana kazi, hilo lilikuwa jambo jingine.

Mwezi wa Novemba mwaka 1936 alishuka Mombasa msichana wa Kiayalandi, Edel Quinn, mwenye umri wa miaka 29. Hakuwa mtawa. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani katika ofisi mjini Dublin, akatamani kuingia utawani, lakini mwaka 1932 alipatikana na kifua kikuu akalazwa miezi mingi. Alitumwa na Lejio ya Maria, chama kilichoanzishwa mjini Dublin tarehe 7 Septemba 1921 na Frank Duff, mtumishi wa serikali, pamoja na wenzake. Walikuwako waliosema kwamba kumpeleka mgonjwa kama huyo Afrika ni kumpeleka kaburini. Yeye alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na hata kisiwa cha Mauritius, mara nyingi katika gari kuukuu, akianzisha vikundi kila alipokubaliwa. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akazikwa katika makaburi ya wamisionari, Msongari. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mheshimiwa, ambayo ni hatua katika njia ya kutajwa mtakatifu.

Lakini mimi nadhani jambo kubwa alilotuachia ni utaratibu. Lejio ilichukua majina yake katika jeshi la Warumi wa kale: kikundi cha chini huitwa presidio, na juu yake ziko kuria na senato. Presidio hukutana kila juma, si kila mwezi. Ina rais, makamu wake, mwandishi na mweka hazina. Baada ya sala husomwa kumbukumbu za mkutano uliopita, ndipo kila mwanachama hutakiwa kusimulia kazi aliyopewa juma lililopita: alikwenda kwa nani, akakuta nini, akafanya nini. Asiyekwenda naye husema kwamba hakwenda. Hawaendi mmoja mmoja bali wawili wawili, ili mgeni katika kazi ajifunze kwa mwenyeji, na ili pasiwe na maneno ya watu. Anayetaka kujiunga hujaribiwa miezi mitatu kabla ya kutoa ahadi yake. Uongozi nao una mpaka wake: miaka mitatu, na baada ya hapo mitatu mingine tu. Wazee waliowahi kuona chama kikifa pamoja na mwenyekiti wake wa maisha wataelewa maana ya sharti hilo.

Liko pia jambo la mfuko wa siri. Mkutano ukiendelea, mfuko hupitishwa, na kila mmoja hutia mkono ndani. Aliye na shilingi huiacha. Asiye na kitu hutia mkono mtupu na kuutoa, na jirani yake hajui. Nimekaa katika vyama vingi vya ada, na nimeona wanachama wema wakikoma kuhudhuria. Hawakuchoka na chama, bali waliona haya kusomewa deni lao mbele ya watu. Yule aliyeutunga mfuko huo aliwajua maskini.

Sharti moja liliwashangaza wengi, nalo ni kwamba mwana-Lejio haruhusiwi kumpa mtu anayemtembelea msaada wa fedha wala vitu. Kwa desturi zetu, kwenda kwa mgonjwa mikono mitupu ni aibu. Sababu yao ilikuwa kwamba mlango ukifunguliwa kwa ajili ya unga, hutajua tena kama umefunguliwa kwa ajili yako. Kazi ya kusaidia kwa mali iliachiwa Shirika la Mtakatifu Visenti wa Paulo, lililoanzishwa mjini Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na wanafunzi wenzake. Hao pia huwatembelea maskini nyumbani kwao, lakini wao huleta chakula, kodi ya nyumba, au karo. Mimi sikubaliani kabisa na Lejio katika hili, maana mwenye njaa hasikii maneno. Lakini nakiri kwamba tukiwa na mkono wa kutoa tu, tutatembelewa na wenye haja na kukimbiwa na wenye haya.

Katika nchi ambayo Mwafrika aliitwa boi ofisini, na mwanamke hakuitwa barazani, kulikuwako chumba nyuma ya kanisa ambamo mama wa kijiji aliweza kushika hazina na kutoa taarifa yake akasikilizwa. Jambo hilo lilikuwa na matunda ambayo wamisionari hawakuyatazamia. Mwaka 1963, katika Nyanza ya Kusini, Wakatoliki wengi walimfuata Simeo Ondetto na Gaudensia Aoko, mwanamke kijana aliyehubiri na kubatiza, wakajitenga na kuwa kanisa lao, Legio Maria. Sababu zilikuwa nyingi: maono, uponyaji, uchawi uliowatisha watu, na kiu ya kuongozwa na wao wenyewe. Lakini jina lenyewe laonyesha walikopita. Tena ni ajabu kwamba Kilatini, ambacho Kanisa Katoliki lilikiacha kwa sehemu kubwa katika misa zake baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962 hadi 1965), kiliendelea kusikika katika ibada zao.

Mtaguso huo ulitoa hati juu ya utume wa walei tarehe 18 Novemba 1965, na maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya miaka ya 1973 na 1976, wakaamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Majirani wa mtaa mmoja hukutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu, wakasoma Injili na kuulizana nani anaumwa. Maradhi ya UKIMWI yalipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, majirani kama hao ndio walioingia nyumba ambazo jamaa wenyewe waliogopa kuingia, wakaosha wagonjwa na kubaki na yatima.

Tangu hapo limezuka tatizo jipya. Ziko parokia ambamo mwanajumuiya hupewa kadi ya mahudhurio na michango, nayo huulizwa mtoto akiletwa ubatizoni, na hata maiti ikiletwa kanisani. Viongozi husema kwamba pasipo kadi watu hawaji. Pengine ni kweli. Lakini nimewauliza wa jumuiya yetu: yule aliyekufa bila muhuri katika kadi yake, nani alimtembelea alipokuwa mgonjwa, na taarifa yake ilisomwa mkutano gani? Hawajanijibu, na jambo hilo limeahirishwa hadi mkutano ujao.