Ukanda na Kiraka cha Pembe: Jinsi Mfarishi wa Viraka wa Marekani Ulivyoungwa

Mfarishi wa viraka ni tandiko la tabaka tatu, yaani uso ulioungwa kwa vipande vya vitambaa, pamba katikati na bitana chini, zote zikiwa zimedariziwa pamoja. Huko Marekani mifarishi ya fahari ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa mara nyingi ya nguo moja nzima, au ilikuwa na pambo kubwa la katikati lililozungushiwa pindo juu ya pindo. Ni katika miaka ya 1840, wakati viwanda vilipokuwa vimeishusha bei ya chiti, ndipo ulipoenea mtindo wa kushona miraba mmojammoja na kuiunga baadaye.

Mtindo huo uliambatana na desturi ya mifarishi ya albamu, ambayo mji wa Baltimore uliifikisha kileleni kati ya 1846 na 1852 hivi. Ndugu, majirani na waumini wa kanisa moja walishona kila mtu mraba wake, wakaandika majina yao kwa wino usiofutika, kisha mfarishi ukapewa, kwa mfano, mchungaji anayeondoka au jamaa wanaohamia magharibi. Lakini miraba iliyotoka katika mikono mingi hailingani kamwe, kwa kuwa huyu hukaza uzi na yule huulegeza, na ikishonwa ubavu kwa ubavu tofauti ya upana wa kidole hupotosha safu nzima. Dawa mojawapo ilikuwa ukanda, yaani kipande chembamba kilichokatwa kwa kipimo kimoja na kutiwa kati ya miraba, ili mkubwa upunguzwe na mdogo unyooshwe mpaka yote ikifuate. Katika kazi za namna hii ukanda si pambo tu. Ndio uliowezesha kazi ya fundi hodari na ya msichana anayejifunza kukaa katika nguo moja bila ya mmoja kumwaibisha mwenziwe.

Pale kanda zinapokutana hutiwa mraba mdogo wa rangi nyingine, uitwao kiraka cha pembe. Mfarishi wa miraba 25, mitano kwa mitano, usio na ukanda wa nje, huhitaji kanda fupi 40 na viraka vya pembe 16; hivyo vitambaa vifupi vilivyobaki hutosha, na mshonaji hupata alama za kulinganishia safu ya juu na ya chini.

Bitana mara nyingi ilikuwa pamba isiyopaushwa, nguo ya aina ileile ambayo wafanyabiashara wa Kimarekani kutoka mji wa Salem waliiuza Zanzibar, hasa baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Sultani, na ambayo pwani iliiita marekani.

Si wote waliotumia ukanda. Kaskazini mashariki mwa Marekani wako waliodarizi kila mraba na kuupinda kingo peke yake, kisha wakaishikanisha kwa mkono, na mifarishi ya namna hiyo ilipelekwa kwa askari wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865.

Mwaka 1987 mfarishi wa kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI ulitandazwa Washington ukiwa na vipande 1,920, kila kimoja cha futi 3 kwa 6, na kati ya makundi ya vipande hivyo zikaachwa njia za kitambaa, mfano wa kanda, ambazo jamaa walizipita wakitafuta majina.