Wapangaji 14 ndani ya kompyuta moja

Leo tuache siasa kidogo, wasomaji wangu. Kuna jambo ambalo watu wa IT huliona kuwa lao peke yao, lakini likiharibika gazeti halitoki na mshahara hauingii: namna ya kugawa prosesa na kumbukumbu ya seva moja kwa mashine pepe nyingi. Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Kila moja inajiona iko peke yake, kumbe ziko nyingi.

Wengi hudhani huu ni ujanja wa juzi. Si kweli. Ulianza mwishoni mwa 1964 katika kituo cha utafiti cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, chini ya Robert Creasy. Enzi hizo kompyuta moja ilijaza chumba na bei yake ilitisha, hivyo kumwachia mtu mmoja aikalie huku akifikiri cha kuandika ilikuwa hasara tupu. Creasy na wenzake wakatengeneza mfumo wa CP-40, ulioanza kazi Januari 1967. Ulibeba mashine pepe 14, kila moja ikiahidiwa kilobaiti 256 za kumbukumbu. Sasa piga hesabu. Kompyuta yenyewe, System/360 Model 40, haikuweza kuwa na zaidi ya hizo hizo kilobaiti 256. Ahadi zilikuwa mara 14 ya mali iliyopo!

Iliwezekanaje? Nyumba ya wapangaji 14 yenye bafu moja inakalika kwa sababu hawaogi wote saa moja. Prosesa iligawiwa kwa zamu fupi fupi, na kurasa za kumbukumbu zisizotumika zikahamishiwa kwenye hifadhi ya nje, zikarudishwa zilipohitajika.

Lakini ujanja huo una mwisho. Mwaka 1968 Peter Denning alieleza kwa nini kompyuta iliyozidiwa haipungui kasi polepole, bali inaporomoka ghafla. Kurasa za huyu zinatolewa ili za yule ziingie, kisha zinadaiwa tena papo hapo. Mashine inashinda ikihamisha mizigo, kazi yenyewe haifanyiki. Alionyesha kwamba kila programu ina fungu la kurasa inazozihitaji kweli kwa wakati fulani. Ikikosa nafasi ya fungu hilo, afadhali isubiri nje. Yaani panga kwa kinachotumika, si kwa kinachoombwa.

IBM ilitangaza VM/370 tarehe 2 Agosti 1972. Baadaye zikaja kompyuta ndogo za bei nafuu, kila kazi ikapewa seva yake, na nyingi zikawa hazifanyi lolote kwa sehemu kubwa ya siku. Ndipo VMware, iliyoanzishwa California mwaka 1998, ikarudisha wazo la zamani na kutoa ESX Server mwaka 2001.

Mwaka 2002 mhandisi wao, Carl Waldspurger, alieleza mbinu ya puto. Mwenye nyumba hajui kilichomo vyumbani, mpangaji ndiye anayejua. Basi ndani ya kila mashine pepe huwekwa programu ndogo. Kumbukumbu ikibana, programu hiyo huvimba kama puto na kudai nafasi, na mfumo wa humo ndani huachia kurasa usizozihitaji sana. Aliongeza pia kodi kwa anayekalia kumbukumbu bila kuitumia, na kuhifadhi mara moja tu kurasa zinazofanana. Hili la mwisho lilizimwa baina ya mashine tofauti mwaka 2014, kama mpangilio wa kawaida, baada ya watafiti kuonyesha kwamba jirani angeweza kulitumia kuchungulia siri.

Kwenye prosesa nako kuna mtego. Katika ESX za mwanzo, mashine yenye prosesa pepe mbili ilibidi ingoje prosesa halisi mbili ziwe wazi kwa pamoja. Ukiiongezea prosesa, unaiongezea foleni! Sharti hilo lililegezwa kwenye ESX 3 mwaka 2006, ila funzo limebaki: anza na chache, pima, ndipo uongeze.

Katika ofisi zetu kila mkuu wa idara anataka mashine yake iwe kubwa kuliko ya jirani, kana kwamba ni cheo. Mpangaji wa seva asimwogope. Prosesa unaweza kuikopesha kwa ukarimu, maana zamu ikichelewa kazi inachelewa tu. Kumbukumbu ni deni la hatari, kwani likiiva wote wanaanguka pamoja, hata yule aliyeomba kidogo. Apime matumizi ya wiki kadhaa, pamoja na siku za mishahara, aache akiba kwa ajili ya programu inayosimamia mashine zote, na aandike nani kapewa nini.

Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.