Jiwe la Mjomba Ndani ya Kopo

Kopo lilikuwa la Kimbo, limepauka hadi maandishi hayasomeki. Ndani yake kulikuwa na maji, na ndani ya maji kulikuwa na jiwe. Kila Jumamosi jioni mjomba aliyamwaga maji ya zamani kwenye shina la mpapai, akatia mengine kutoka mtungini, akafunika kopo na kulirudisha chini ya kitanda. Sisi watoto tuliruhusiwa kutazama, si kushika. Jiwe lilikuwa la kijani kama nyama ya embe changa, upande mmoja likiwa na ganda la kahawia lililofanana na udongo wa kawaida kabisa. Lilijaza viganja viwili vya mtu mzima. Mjomba aliliita opali, na nadhani pale kwetu Mamboya hakuna mtu mwingine aliyewahi kulitamka neno hilo.

Alilinunua Gairo mwaka 1994 kwa kijana aliyesema amelitoa Haneti, kaskazini ya Dodoma. Alilipa bei ya ng'ombe wawili. Mjomba alikuwa fundi baiskeli. Mkewe hakumsemesha kwa wiki nzima, na hadithi hiyo shangazi mwenyewe aliisimulia kila mwaka, akicheka zaidi kadiri miaka ilivyokwenda.

Nilipokuwa chuoni nikisoma historia niliona aibu kidogo kuhusu kopo lile. Baadaye nikaanza kuona kwamba mjomba hakuwa mtu wa kwanza Mamboya kutoa mali yake kwa ajili ya kitu kidogo chenye rangi. Leo anayepita wilaya ya Kilosa huenda asigeuze hata shingo kututazama. Lakini katika karne ya 19 misafara iliyotoka Saadani kwenda Mpwapwa na bara zaidi ilipita huku kwetu. Wapagazi walikuja na vitambaa, nyaya za shaba na shanga, wakahitaji mtama, mbuzi, maji na mahali pa kulala. Wamisionari wa Church Missionary Society nao waliifuata njia hiyohiyo, wakajenga kituo Mamboya. Mmoja wao, J. T. Last, alikaa hapa akijifunza lugha yetu, na kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru kilichapishwa mwaka 1886. Bibi zangu waliingia katika sarufi kabla ya kuingia katika daftari lolote la kodi.

Shanga ndizo zinazonivuta zaidi. Nyingi zilitengenezwa Venice, zikafika Unguja kwa meli, zikapanda bara vichwani mwa watu. Wasafiri wa wakati ule walilalamika kwamba kila nchi ilikuwa na shanga yake. Nyekundu iliyopendwa hapa, siku chache mbele ilikataliwa hata kwa kununulia kuku. Kiongozi wa msafara aliyekosea kuchagua rangi Unguja aliweza kulala njaa akiwa na mizigo kadhaa ya shanga nzuri. Wakaguru walioketi kando ya njia ile wakipekua shanga na kurudisha zisizofaa hawakuwa wajinga wanaodanganywa na vigae vya kioo. Walijua jirani yao angetaka nini kesho.

Reli ndiyo iliyotuondoa katika biashara hiyo. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, na ilipita Kilosa, si Mamboya. Wanunuzi wakahamia kwenye stesheni. Sisi tukabaki na milima.

Sasa nirudi kwenye jiwe, maana nimelisoma kuliko mtihani wowote. Opali ni silika iliyoshikana na maji. Maji hayo mara nyingi ni kati ya asilimia 3 na 10 ya uzito wake, na yanaweza kuzidi hapo. Ile opali maarufu, inayowaka nyekundu, bluu na kijani ukiigeuza, hupata rangi kwa sababu ndani yake kuna vitufe vidogo mno vya silika vilivyopangana sawasawa, vikiupasua mwanga. Vitufe visipopangana, rangi hazichezi. Ya Haneti ni ya namna hiyo ya pili: kijani kimoja kilichotulia, kinachotokana na nikeli iliyomo katika miamba ya huko. Ni nzuri, inachongwa shanga na pete, ila haiwaki.

Inayowaka ipo Afrika Mashariki, lakini ni ya Ethiopia. Mwaka 2008 watu wa Wegel Tena, katika nyanda za juu za Wollo, walianza kuitoa katika miamba ya volkano, na katika miaka michache ikawa inashindana na ya Australia. Nyingi ya hizo zina tabia ya ajabu: zinanywa maji. Ukiitumbukiza inaweza kuwa angavu kama kioo na rangi zikapotea. Ukiiacha ikauke taratibu, zinarudi. Kwa hiyo anayetaka kununua opali kubwa asikubali kuoneshwa ikiwa ndani ya maji tu. Aitazame kavu, juani na kivulini, aigeuze pande zote, aimulike kwa tochi kutafuta nyufa, aulize kama imetiwa gundi au rangi. Mjomba aliuziwa jiwe lake ndani ya chupa ya maji. Hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Pliny, mwandishi wa Kirumi, anamtaja seneta Nonius aliyekuwa na opali yenye ukubwa wa kokwa. Mark Antony aliitaka. Nonius akachagua kukimbia nchi na kuacha mali yote, akaondoka na jiwe peke yake. Nilimsimulia mjomba habari hiyo, akauliza swali moja tu: "Alilibeba katika nini?"

Alifariki 2019. Kwa desturi yetu Wakaguru ukoo hufuata upande wa mama, na mali ya mwanamume huelekea kwa watoto wa dada yake. Watoto wa dada yake ni mimi na mdogo wangu. Aliyekuwa amebadilisha maji ya kopo kwa miaka ile yote mjomba alipokuwa mgonjwa ni binti yake, binamu yangu. Siku ya kugawa vitu wazee walilitaja jiwe haraka, kati ya pampu ya baiskeli na godoro, wakasema ni langu. Binamu hakusema kitu. Nililiacha palepale, nikajiona mwungwana.

Kisha ikaja Juni 2020. Mchimbaji wa Mererani, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali tanzanaiti mbili, moja ikizidi kilo 9, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Nchi nzima ilimwona kwenye televisheni. Jioni ileile simu yangu haikutulia: lile jiwe la kopo bado lipo? Watu ambao hawakuja msibani walikumbuka uzito wake. Binamu naye alipiga, akasema mwanawe amefaulu na ada haina pa kutoka. "Kaka, lipeleke likapimwe. Ila usilikaushe."

Nilicheka kimoyomoyo. Nilikuwa nimesoma kwamba kuloweka opali hakuzibi ufa wala hakuongezi thamani, kwamba mambo ya maji na mafuta mengi ni imani tu. Ni kweli pia. Nililitoa, nikalifuta kwa taulo, nikalizungushia karatasi za chooni na kuliweka kwenye mfuko wa plastiki mweusi. Ndani ya basi nikapata kiti cha mbele, upande wa jua, nikaupakata mfuko hadi Dodoma.

Rafiki yangu aliyesomea ukataji wa vito Arusha alilifungua mezani kwake. Alikaa kimya muda mrefu. Upande uliokuwa laini ulikuwa na wavu wa nyufa nyembamba, kama tope la mto likikauka. "Lilikuwa na hizi?" Nikasema hapana. Akanieleza bila kunikaripia. Maji ya kopo hayakuwa dawa, lakini jiwe lilikuwa limeyazoea kwa miaka 26. Kulitoa na kulipasha joto kwa siku moja ndiko kulikolipasua. Lingekauka polepole kivulini, kwa wiki kadhaa, huenda lingepona. Kwa safari angelifunga katika pamba yenye unyevu. Opali haipendi joto la ghafla, haiwekwi karibu na moto, haioshwi kwa mashine za mtetemo za masonara. Inatosha maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Hata vumbi la kawaida lina chembe ngumu kuliko yenyewe, kwa hiyo huipukuti ikiwa kavu.

Nikauliza bei. Akasema kwanza hakuna anayeweza kulinunua barabarani: madini ghafi huuzwa kwa wenye leseni, katika masoko ya madini yaliyofunguliwa tangu 2019, na wangeuliza limetoka shimo gani. Na kabla ya nyufa? Akataja kiasi. Kingelipa ada ya muhula mmoja. Si ng'ombe wawili, lakini muhula mmoja.

Nilirudi Mamboya Jumamosi. Binamu alikuwa anapepeta mahindi. Alilipokea, akalifungua, akapitisha kidole gumba juu ya nyufa.

"Ulilikausha."

"Nililikausha, dada."

Sisi mabinamu ni watani. Kwa kosa dogo kuliko hilo angenitukana hadi jirani asikie. Hakunitania. Alikwenda mtungini, akajaza kopo, akaliweka jiwe taratibu. Maji yalipoingia, nyufa hazikuonekana tena. Ada ya muhula ule nililipa mimi. Mihula mingine pia. Kopo liko chini ya kitanda chake, na nikitaka kulitazama huwa ninabisha hodi na kuomba.