Picha ikiguswa, saini ifanyweje?

Tarehe 31 Machi 2003 gazeti la Los Angeles Times lilichapa ukurasa wa mbele picha ya askari wa Uingereza na raia wa Iraq, karibu na mji wa Basra. Mfanyakazi wa Hartford Courant akagundua kuwa baadhi ya watu waliokuwa nyuma wanaonekana mara mbili. Mpiga picha, Brian Walski, alikuwa ameunganisha picha mbili. Akafukuzwa kazi.

Dawa ilikuwa imependekezwa miaka 10 kabla. Mwaka 1993 Gary Friedman wa maabara ya JPL, Marekani, alieleza kamera inayotia saini ya kidijitali papo hapo. Kamera inakokotoa namba kutokana na faili zima, kisha inaifunga kwa ufunguo wake wa siri. Badili nukta moja tu, namba hazilingani na saini imekufa.

Safi, lakini saini hiyo haimtofautishi Walski na mhariri aliyekata pembeni ili picha ienee kwenye safu. Sisi wa magazetini tunajua: picha karibu zote hukatwa au kuongezwa mwanga. Kama saini inakufa kwa wote, itamsaidia nini msomaji?

Halafu kuna suala la ufunguo. Mwaka 2010 kampuni ya Kirusi, ElcomSoft, ilitoa ufunguo ndani ya kamera za Canon, ikatengeneza picha ya mwanaanga akisimika bendera ya Kisovieti mwezini. Mfumo wa Canon ukaikubali kuwa halisi! Mwaka 2011 ikawa zamu ya Nikon.

Mwaka 2021 BBC, Adobe, Microsoft na wenzao walianzisha C2PA. Hapa saini ya kamera hailazimishwi kuishi kwenye faili lililohaririwa. Programu inaandika kilichofanyika, na aliyehariri anatia saini yake juu ya ile ya awali. Mwaka 2023 Leica ilitoa M11-P, kamera ya kwanza yenye utaratibu huo.

Mimi naona hivyo ndivyo inavyopaswa. Saini haisemi picha ni ya kweli. Inasema nani anawajibika. Aliyeigusa aweke jina lake na aseme alichofanya, kisha msomaji ahukumu. Ila mnyororo huo unaweza kufutwa kwenye faili, na picha isiyo na saini si lazima iwe ya uongo.

Wewe unasemaje?