Kuuza kwa WhatsApp na Facebook: mambo ya kujua kwa wakulima na wachuuzi wa Mutshatsha

Katika teritware ya Mutshatsha, jimbo la Lualaba, wakaaji wengi wanaishi kwa shamba na kwa pori: muhogo, mahindi, karanga, asali, bowa, vinkubala, samaki na makala. Soko kubwa la karibu ni Kolwezi, mji mkubwa wa jimbo tangu Lualaba ilipotoka katika Katanga ya zamani mwaka 2015. Kule kuna wafanyakazi wa kampuni za madini, wachimbaji wa mikono na familia zao, na wote wanahitaji kula kila siku. Lakini unga mwingi unaouzwa katika miji ya madini unatoka mbali, hata Zambia kupitia Kasumbalesa, na huku mkulima wa Mutshatsha anabaki na mifuko yake ndani ya nyumba.

Shida haiko tu barabara ya taifa namba 39 au treni ya SNCC inayokawia. Iko pia habari. Mkulima anapakia mizigo bila kujua bei ya siku ile Kolwezi. Akifika, mnunuzi anamwona amechoka, hana mahali pa kulala, na anajua kwamba hawezi kurudi na mifuko. Basi mnunuzi ndiye anapanga bei. Hapo ndipo telefone inaweza kusaidia, ikitumiwa kwa akili.

Kwa nini habari ya bei inabadilisha mambo

Mfano mmoja unaojulikana sana ni wa wavuvi wa Kerala, kusini mwa India. Mtaalamu wa uchumi Robert Jensen aliwafuata kati ya mwaka 1996 na 2001, wakati minara ya telefone ilipokuwa inajengwa kule. Mbele ya telefone, mvuvi alikuwa anauza katika kijiji chake tu. Siku moja kijiji kimoja kilikuwa na samaki wengi mpaka wanatupwa, na kijiji cha jirani wanunuzi walikuwa wanarudi mikono mitupu. Telefone zilipofika, wavuvi walianza kupiga simu wakiwa bado baharini, wakauliza bei, wakaenda pale samaki walipohitajika. Faida ya wavuvi ilipanda karibu 8 kwa 100, bei kwa mnunuzi ilishuka karibu 4 kwa 100, na samaki wa kutupwa karibu walikwisha kabisa. Wavuvi wale hawakuwa na intaneti. Walikuwa na simu ya kawaida na watu wa kupigia.

Katika Kenya, wasichana watatu walianzisha M-Farm mwaka 2010. Mkulima alikuwa anatuma SMS na kupata bei ya mazao katika masoko makubwa, na wakulima wadogo waliweza kujiunga ili wauze pamoja. Mambo yote mawili, bei na kuuza pamoja, yanaweza kufanyika leo kwa kikundi cha WhatsApp, bila kujenga programu mpya.

Chombo gani kwa kazi gani

WhatsApp ni ya kuongea na watu ambao mwuzaji anawajua au ambao wamepewa numero yake. Haikuli mega nyingi, na inakubali ujumbe wa sauti. Jambo hili ni la maana sana kwa mama au papa asiyesoma vizuri: anabonyeza, anasema bei yake kwa Kiswahili, Kilunda, Kitshokwe au Kisanga, na mteja anasikia.

WhatsApp Business ni programu nyingine ya kampuni ileile, iliyotoka mwaka 2018, nayo ni ya bure. Inampa mwuzaji nafasi ya kuandika jina la biashara, mahali, saa za kazi, na kuweka katalogi, maana yake foto za bidhaa pamoja na bei. Inaweza pia kujibu yenyewe wakati mwenyewe yuko shambani: «Asante kwa kuandika. Niko mbali na rezo, nitajibu magaribi.»

Statu ya WhatsApp inaonekana saa 24, kisha inafutika. Ni nzuri kwa kitu kinachoharibika haraka: bowa za leo, samaki wa asubuhi. Wanaoiona ni wale tu ambao mwuzaji ana numero yao na wao wameandika yake katika telefone zao. Kwa hiyo kazi ya kwanza kwa kila mteja mpya ni kumwambia: «Mama, uandike numero yangu na jina langu, ndiyo utaona mali kila siku.» Ni hivyohivyo kwa lisiti ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, ambayo inachukua watu mpaka 256: asiyeandika numero hapokei kitu.

Facebook ni ya kutafuta watu wapya. Mtu wa Kolwezi, Likasi au Lubumbashi ambaye hamjui mwuzaji anaweza kumkuta pale. Lakini Facebook inajaa maneno mengi, na tangazo linapita haraka. Ni vizuri itumike kama mlango, kisha mteja aletwe WhatsApp. TikTok inasaidia mwenye kuonyesha kazi kwa video, kama fundi wa kushona, wa meza na viti au wa kusuka nywele, ila video inakula mega nyingi kwa pande zote mbili.

Kulipia Facebook ili tangazo lionekane kwa watu wengi si kitu cha kuanza nacho. Mwenye mifuko 20 ya muhogo anahitaji wanunuzi 3 wa kweli kuliko watu 5,000 walioangalia foto na kupita.

Tangazo linaloleta mteja

Matangazo mengi yanakosa jibu kwa sababu hayasemi kitu. «Niko na asali ya muzuri, inbox» inamlazimisha mteja aulize maswali matano, na wengi wanachoka. Tangazo zuri linajibu mambo sita: ni kitu gani, kipimo gani, bei gani na kwa pesa gani, kiko wapi, kinafika namna gani, na numero ya kupiga. Kwa mfano:

«Asali ya pori, safi, haichanganywi na sukari. Bido ya litre 5. Bei: andika hapa kwa franka. Iko Mutshatsha. Naweza kuituma Kolwezi siku ya kamiyo, usafiri analipa mnunuzi. Piga au andika WhatsApp.»

Kipimo ni jambo kubwa. Meka, ndoo, bido na mfuko havilingani kila mahali. Mfuko wa Mutshatsha unaweza kuwa umejazwa mpaka kichwani, na ule wa Kolwezi umefungwa sawa. Ni vizuri kuonyesha kipimo chenyewe katika foto, au kupima kwa kilo na kuandika uzito.

Foto ichukuliwe mchana, nje ya nyumba, jua likiwa nyuma ya mpigaji. Bidhaa iwekwe juu ya kitambaa safi. Foto mbili au tatu zinatosha: moja ya mali yote, moja ya karibu, moja ya kipimo. Foto ya kuchukua kwa mtu mwingine ni hatari, kwani mteja akipokea kitu tofauti hatarudi tena, na atawaambia wenzake.

Hesabu mbele ya kupakia

Bei ya Kolwezi inaweza kudanganya macho. Ufuatao ni mfano wa kuhesabu tu, si bei ya soko. Mnunuzi anayepita kijijini anatoa franka 40,000 kwa mfuko. Kolwezi mfuko unauzwa 60,000. Tofauti ni 20,000, lakini kamiyo inachukua 9,000 kwa mfuko, kupakia na kupakua 2,000, malipo ya njiani na ya soko 3,000, uniti na kutoa pesa katika telefone 1,500. Jumla ni 15,500. Faida inayobaki ni 4,500 kwa mfuko.

Mwenye mifuko 3 anapata 13,500. Kama safari yake mwenyewe, kula na kulala vinamgharimu 20,000, amepata hasara ya 6,500. Afadhali angeuza kijijini. Lakini wakulima watano wakijiunga na mifuko 15 na wakatuma mtu mmoja tu, faida ni 67,500. Wakitoa 20,000 za safari, wanagawanya 47,500. Telefone ndiyo inawakutanisha watu hao watano, na ndiyo inahakikisha mnunuzi kule Kolwezi mbele kamiyo haijaondoka.

Kikundi kinachofanya kazi

Kikundi cha WhatsApp kinaweza kuwa na watu mpaka 1,024, lakini kikundi cha biashara chenye watu 30 wanaojuana kinafaa zaidi kuliko cha watu 800 wanaotuma salamu, sala na siasa. Vikundi vinavyodumu vinakuwa na sheria chache zilizoandikwa juu kabisa: hapa ni bei na mali tu, kila tangazo liwe na kipimo, bei na mahali, anayedanganya anatolewa, wasimamizi ni wawili au watatu, ili mmoja akikosa rezo mwingine aendeshe.

Watu wa kutafuta si wanunuzi peke yao. Dereva wa kamiyo, mwenye depo Kolwezi, mama wa malewa anayepika kila siku, mwenye duka la uniti, mtoto wa kijiji anayesoma Lubumbashi: kila mmoja ana habari ambayo mkulima hana. Mtu mmoja sokoni Kolwezi akituma bei kila Jumatatu na kila Alhamisi, kikundi kizima kinafaidika. Ni haki naye apate kitu, hata uniti tu.

Malipo na wezi

Pesa nyingi za biashara hii zinapita katika M-Pesa, ambayo Vodacom iliileta Kongo mwaka 2012, na katika Airtel Money na Orange Money. Wezi nao wanapita humohumo. Mbinu zao ni chache na zinajirudia.

Ya kwanza ni SMS ya uongo inayosema pesa zimeingia. Mwuzaji asiangalie SMS. Afungue menyu yake mwenyewe na kuangalia salio kabla ya kutoa mzigo.

Ya pili: «Papa, nimekosea numero, nimekutumia pesa, unirudishie.» Hapa pia kwanza ni salio. Hata kama pesa zimeingia kweli, ni bora mtumaji aende kwa kampuni yake ya telefone ili zirudishwe kwa njia ya haki.

Ya tatu ni kodi ya tarakimu 6. Mwizi anajaribu kufungua WhatsApp ya mtu katika telefone nyingine, kodi inatumwa kwa SMS, kisha anapiga simu na kusema ni ya zawadi au ya kikundi. Anayeitoa anapoteza akaunti, na mwizi anaanza kuomba pesa kwa wateja wake wote kwa jina lake. Kodi hiyo haipewi mtu yeyote, hata ndugu. Tena, ni lazima kuweka kufuli ya pili. Katika telefone ya Kifaransa inapatikana hivi: «Paramètres», kisha «Compte», kisha «Vérification en deux étapes».

Kwa mteja mpya wa mbali, njia ya salama ni kulipana kwa sehemu: nusu wakati mzigo unapakiwa na foto imetumwa, nusu wakati umefika. Wote wawili waandike makubaliano katika ujumbe, wasiyafute.

Mambo ya sheria

Tangu Machi 2023 Kongo ina Kodi ya numeriki, yaani sheria inayohusu biashara ya mtandaoni, ulinzi wa habari za watu na makosa yanayofanyika katika intaneti. Kueneza habari za uongo au kumsumbua mtu mtandaoni kunaweza kumfikisha mtu mbele ya tribinali. Foto ya mteja haiwekwi kama tangazo bila yeye kukubali.

Jambo lingine linahusu Lualaba zaidi: mawe ya shaba na cobalt si bidhaa ya kuweka katika statu. Kodi ya madini, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018, inataka mchimbaji wa mikono na mfanyabiashara wa madini kila mmoja awe na karti yake. Foto ya mifuko ya madini inavuta polisi na wezi kwa pamoja.

Mfanyabiashara mdogo anaweza kujiandikisha kama «entreprenant», hali iliyowekwa na sheria za OHADA, ambazo zinafanya kazi Kongo tangu Septemba 2012. Karatasi hiyo inasaidia pale kampuni au kantini kubwa inapotaka kununua kwa mtu anayejulikana.

Rezo ikikatika

Mwishoni mwa Desemba 2018, kisha uchaguzi, serikali ilikata intaneti katika nchi nzima kwa karibu siku 20. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa karibu saa 6. Na kwa vijiji vingi, betri kuisha ni jambo la kila wiki.

Kwa hiyo kila mwuzaji awe na kaye ya karatasi: jina la mteja, numero zake mbili kama anazo, anachonunua, deni lake na siku aliyolipa. Telefone ikianguka mtoni au ikiibiwa, biashara inaendelea. Wateja wakubwa wapigiwe simu ya kawaida mara moja kwa mwezi, hata kama hakuna mali, ili wasisahau sauti. Na siku ambayo mzigo umechelewa, ni vizuri wajulishwe mapema: kamiyo imekwama wapi, inategemewa lini, na kama wanataka kungoja au kurudishiwa pesa zao.